Lengalenga (mchicha) na seleri zisinyauke: hapa Bukavu mnafanyaje?

Wamama, mboga nanunua Jumamosi soko la Kadutu. Kwetu umeme unakatika ovyo, frigo siitegemei. Ikifika Jumatatu lengalenga zimegeuka manjano na seleri imelegea. Nisaidieni.

Mama Furaha: Dada, ukifika tu nyumbani fungua ile kamba ya fungu, katikati ndiko joto linakojificha. Toa kila jani lililoanza kuoza. Usioshe mpaka siku ya kupika. Vingirisha ndani ya kitambaa chenye unyevu kidogo, weka sakafuni penye kivuli. Seleri ikate ncha za mashina, isimamishe ndani ya glasi ya maji, majani yasiguse maji. Badilisha maji kila siku.

Papa Amani: Na ndizi zinazoiva ziko wapi? Ndizi na avoka zinatoa gesi ya ethileni, majani yanageuka manjano haraka. Zitenge kabisa! Karoti nazo kata majani, yanamaliza maji ya mzizi.

Muulizaji: Kumbe! Ndizi ziko kikapu hichohicho. Na sombe (majani ya muhogo)?

Mama Furaha: Sombe iliyotwangwa haingoji, chemsha siku ileile.