Pakiti imeandikwa "sambusa za nyama", ndani kuna viazi na soya: tunapunjwa mchana kweupe

Ndugu wanajukwaa,

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, lakini nitajitahidi kuandika kwa utaratibu, kwa sababu jambo lenyewe linahitaji vipimo na si matusi. Sisi wakazi wa Tanga, na bila shaka wenzetu wa miji mingine, tunauziwa vyakula vya pakiti ambavyo jina na picha yake vinasema hiki, na kilichomo ndani ni kingine kabisa. Juu ya hayo, hata uzito ulioandikwa haufiki. Nazungumzia sambusa za kugandishwa, soseji, sosi ya nyanya na juisi za boksi, vitu ambavyo mtu anayetoka kazini magharibi imekaribia huvitegemea ili watoto wasilale na chai tupu.

Nianze na sambusa, maana ndizo zilizonimaliza uvumilivu. Ramadhani iliyopita tulikuwa na wageni wa kufuturu, na mke wangu hakuwa na nafasi ya kutengeneza manda, hivyo nikapitia duka moja kubwa la mjini nikachukua pakiti ya sambusa kumi na mbili za nyama ya ng'ombe, uzito halisi gramu 360, bei Sh 6,000. Picha ya mbele inaonyesha sambusa iliyopasuliwa, nyama ya kusaga imejaa hadi inamwagika, na majani ya giligilani yamepangwa pembeni. Mama mkwe wangu, ambaye alikuwa akipika sambusa za biashara pale Ngamiani tangu mke wangu hajazaliwa, aliuma moja, akaigeuza, akachungulia ndani, kisha akaniuliza kwa upole, "Baba, hizi ulisema ni za nini?" Waliooa watanielewa nikisema kwamba swali la namna hiyo mbele ya wageni ni zito kuliko kugombezwa.

Baadaye nilinunua pakiti nyingine ya aina hiyohiyo na kuipeleka, ikiwa bado imeganda, kwa muuza viungo wa soko la Mgandini mwenye mizani ndogo ya kidijitali anayopimia iliki. Tulipoondoa kifungashio, sambusa zote kumi na mbili zilikuwa na gramu 342, na katika hizo umo ubarafu ulioshika juu ya manda, ambao nao nimeulipia kwa bei ya nyama. Tukapasua moja iliyokuwa na gramu 28. Manda peke yake ilikuwa gramu 17, nene, na imekunjwa zaidi ya mara moja kwenye pembe ili sambusa ionekane imeshiba. Kiini kilikuwa gramu 11. Kiini hicho tulikichambua kwa ncha ya kisu juu ya karatasi, tukakuta viazi vilivyopondwa, kitunguu, vipande vya karoti, na chembe za kahawia ambazo kwa macho ni nyama, lakini ukizibonyeza kwa vidole zinanepa na kurudi, hazina nyuzi wala mafuta. Hiyo ni soya. Nyama yenyewe tulipoikusanya na kuiweka juu ya mizani, kioo kiliendelea kuonyesha sifuri.

Linaloniudhi zaidi ni kwamba lebo yenyewe inakiri. Nyuma ya pakiti, kwa herufi ndogo nyeusi juu ya rangi nyekundu iliyokolea, viambato vimeorodheshwa hivi: unga wa ngano, viazi, kitunguu, protini ya soya, nyama ya ng'ombe, mafuta ya mimea, chumvi, viungo. Kanuni ya jumla ya Codex kuhusu lebo za vyakula vilivyofungashwa, iliyotolewa mwaka 1985 na chombo cha pamoja cha mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula (FAO) na afya (WHO), inataka viambato vitajwe kwa kufuata uzito, kilicho kingi kikitangulia. Maana yake mtengenezaji ametwambia mwenyewe kwamba soya ni nyingi kuliko nyama, huku akituchorea nyama inayomwagika. Kanuni hiyohiyo inasema kwamba pale lebo inapokipa kiambato fulani chenye thamani msisitizo maalumu, asilimia yake iandikwe. Kwenye pakiti hii asilimia hakuna. Wahenga walisema kibaya chajitembeza, na hiki kinajitembeza kikiwa kimevaa picha ya kizuri.

Kuhusu uzito, tunayo Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, na tunao Wakala wa Vipimo, ulioanzishwa mwaka 2002, ambao kazi yake inagusa pia bidhaa zilizofungashwa. Masuala ya ubora na usalama wa chakula yalihamishwa kutoka iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA) kwenda Shirika la Viwango Tanzania (TBS) mwaka 2019. Kwa hiyo mahali pa kupeleka shauri hili papo.

Wengi wetu tunaifahamu vita ya lumbesa, ambapo mkulima wa Lushoto anashindiliwa gunia la viazi hadi linaota kichwa, analipwa kana kwamba ni gunia la kawaida, na serikali imekuwa ikipiga marufuku mtindo huo mara kwa mara. Sasa tazameni safari ya kiazi hicho. Shambani kinampunja aliyekilima kwa kuzidishwa ndani ya gunia. Kikifika kiwandani kinampunja mlaji kwa kuingizwa mahali pa nyama. Mkulima na mlaji wote wameumia, na aliyeko katikati amefaidi mara mbili kwa kiazi kilekile. Gunia la lumbesa linaonekana kwa macho kutoka barabarani, wakati gramu 18 zilizopungua ndani ya pakiti haziwezi kuonekana na mtu asiye na mizani, na ndiyo sababu upunjaji huu unastawi.

Soseji nazo zina hadithi yake. Humo kuna maji yanayoshikiliwa na wanga na fosfeti, pamoja na nyama ya kuku iliyokwanguliwa mifupani kwa mashine hadi ikawa rojo. Ndiyo maana inavimba kwenye kikaango, halafu ikipoa sahani inabaki na ngozi iliyonywea. Sosi nyingi za nyanya ni wanga, sukari, siki na rangi. Za juisi nisizieleze sana, ila inatia uchungu kukaa mkoa wenye machungwa ya Muheza, yanayokosa soko na kuoza msimu ukikolea, halafu mtoto anywe maji ya sukari yenye rangi ya chungwa na picha ya chungwa.

Najua atatokea mtu wa kusema kwamba nyama imepanda bei na kwamba bila kuongeza viazi pakiti ingekuwa ghali mno kwa mwananchi wa kawaida. Sina ugomvi na viazi. Hapa Tanga tunakula kachori, tunakula katlesi, tunakula sambusa za dengu na za kabichi, na hakuna anayelalamika, kwa sababu muuzaji anakwambia hizi ni za dengu na hizi ni za nyama, na bei zinatofautiana. Mama wa barazani akikudanganya leo, kesho utampitia palepale na utamwambia machoni pake, naye biashara itamharibikia mtaa mzima. Mwenye pakiti hatumjui, na namba ya simu iliyoandikwa kwenye lebo, kwa niliyojaribu mimi, inaita hadi inakatika. Basi aandike "sambusa za viazi na soya", abadilishe picha, ashushe bei, nami nitazinunua bila kinyongo.

Ninachoomba kwenu ni ushahidi. Pakiti moja haitoshi kumfikisha mtu popote, kwa kuwa taratibu za kimataifa za vipimo huruhusu pakiti mojamoja kupungua kidogo mradi wastani wa shehena nzima usiwe chini ya uzito uliotangazwa. Kwa pakiti moja ya gramu 360, upungufu unaovumiliwa ni asilimia 3, yaani gramu 10.8. Yangu imepungua 18. Kama ni bahati mbaya yangu, vipimo vyenu vitaonyesha. Mwenye mizani ya jikoni, au jirani muuza viungo, apime kabla ya kuyeyusha, bila kifungashio, apige picha ya kioo cha mizani, orodha ya viambato, namba ya toleo na tarehe ya kutengenezwa, kisha atunze risiti. Msitaje jina la kampuni wala duka hapa, nitumieni kwa ujumbe wa faragha. Zikikusanyika za kutosha kutoka matoleo tofauti, nitazipeleka mwenyewe kwa maandishi kwa Wakala wa Vipimo na TBS, na nakala ya barua yenye muhuri wa mapokezi nitaiweka kwenye uzi huu.