Naomba ushauri: nakala za zamani za Fat Tire Flyer, niziskani vipi?

Wakuu, habari zenu. Niko California. Mzee jirani yangu kanipa boksi la Fat Tire Flyer, jarida la kwanza la baiskeli za milimani, alilotoa Charlie Kelly kati ya 1980 na 1987. Pini za stepla zimeshika kutu, zimeacha alama ya kahawia katikati ya kurasa. Nataka kuyaweka mtandaoni kabla hayajaoza.

Nichomoe pini ili kurasa zilale vizuri kwenye skana, au nipige picha kwa juu? Nukta 300 kwa inchi zinatosha, au 600?

Halafu kuna haki miliki. Mke wangu anasema pandisha tu, nani atajali. Mimi roho inasita, naona kwanza tuombe ruhusa. Mliowahi kufanya kazi hii mlianzia wapi?