Mrejesho: injini ndogo ya petroli iliyopoteza mgandamizo

Nilieleza awali kwamba injini ya jenereta yangu ilikuwa ngumu kuwaka na kamba yake ya kuwashia ilivutika kwa wepesi usio wa kawaida, dalili kwamba mgandamizo (ubanaji wa hewa na mafuta ndani ya silinda) umepotea, nanyi mkanishauri nikague valvu kabla ya kugusa kabureta. Mlikuwa sahihi kabisa. Valvu ya kutolea moshi ilikuwa na doa jeusi upande mmoja wa ukingo, mahali gesi ilipopenya, hivyo nikaisaga kwenye kikalio chake kwa pasta ya kusagia valvu, yenye chembe ngumu, hadi ukatokea mviringo wa kijivu usiokatika, kisha nikaisafisha pasta yote, kwa kuwa chembe zake zikibaki hula silinda. Nafasi ya valvu, yaani uwazi mdogo kati ya valvu na kifaa kinachoisukuma, niliipima injini ikiwa baridi, pistoni ikiwa juu kabisa kwenye mgandamizo. Sasa kamba inakaza mkononi, na injini huwaka kwa mvuto wa pili. Nawashukuru sana.