"Sold as seen" kwenye tangazo la gari: nilipe au niache?

Ndugu zangu, habari za huko mliko. Nimeona gari lililotumika hapa Coventry, Uingereza, kwenye yadi. Tangazo linasema "sold as seen", yaani linauzwa kama lilivyo. Nilipouliza, muuzaji akaniambia kila kitu ni "above board" na gari limekuwa na "one careful owner", yaani mmiliki mmoja tu aliyelitunza. Anataka amana kabla ya Ijumaa. Nikilipa kisha likanifia njiani, ndiyo basi?

---

Dada, amana subiri kwanza. "Above board" ni kusema hakuna kinachofichwa. Kila muuzaji husema hivyo, wala halikupi haki yoyote.

"Sold as seen" ndilo linalotutisha wengi, tukidhani ukishapokea ufunguo huna la kudai. Kwa mfanyabiashara, sivyo. Sheria ya haki za walaji ya mwaka 2015 haimruhusu kukwepa wajibu wake kwa kuandika maneno hayo. Gari likiwa na kasoro ambayo hukuonyeshwa, una siku 30 za kulirudisha na kudai pesa yako yote. Zikipita, bado unaweza kumtaka alitengeneze, na ndani ya miezi 6 ya kwanza yeye ndiye wa kuthibitisha kwamba kasoro haikuwapo ulipolichukua.

Anayeuza gari lake binafsi habanwi hivyo. Kubwa ni liwe lake kweli na liwe kama alivyolieleza. Ndiyo maana wapo wafanyabiashara wanaojifanya watu binafsi na kuuzia nyumbani. Inaniuma sana kuona wageni wetu wakiliwa namna hiyo. Dai risiti yenye jina la kampuni.

Hiyo "one careful owner" ihakiki mwenyewe. V5C, hati ya usajili wa gari, huonyesha idadi ya waliowahi kuandikishwa nalo. Kisha ingia GOV.UK, tovuti ya serikali, andika namba ya gari, usome bure historia ya MOT, yaani ukaguzi wa usalama wa gari wa kila mwaka. Kila ukaguzi una maili zake. Ukikuta mwaka mmoja 92,000 na uliofuata 61,000, mita imerudishwa nyuma. Hapa wanaliita gari "clocked". Ondoka.

---

Mwanangu, nyongeza ndogo. Mtumie ujumbe leo, umwombe ajibu kwa maandishi: wamiliki wangapi, maili ngapi, limewahi kupata ajali? Akishaandika, hayo ni maelezo ya gari na yanambana. Akisisitiza mzungumze kwa simu tu, tafuta yadi nyingine. Na kama tayari umelipa chochote, wapigie Citizens Advice, shirika linaloshauri wananchi; ushauri wao ni bure.