Kiongozi wa msafara kapewa sifa za uokoaji asioufanya, kijana aliyeugua kalipwa siku tatu!

Wakuu, salaam.

Nina miaka kumi na moja napanda Kilimanjaro, saba nikiwa mgumu wa kubeba mzigo na minne msaidizi wa kiongozi wa msafara. Sijawahi kufungua uzi wa malalamiko humu jamvini. Hili limenishinda kumeza.

Ijumaa iliyopita kampuni ilitukusanya Moshi, tukapakiwa kwenye kosta hadi Arusha, semina ya siku nzima. Tukagawiwa fulana zimeandikwa mgongoni UONGOZI, UVUMILIVU, USHIRIKIANO. Baada ya chakula cha mchana akaitwa kiongozi wetu aeleze alivyookoa maisha ya mgumu mmoja safari ya mwezi uliopita. Akaeleza, ukumbi mzima ukapiga makofi, mkurugenzi akamkabidhi bahasha. Mimi na mpishi tulikuwa meza ya nyuma tunatazamana. Sote wawili tulikuwepo safari hiyo.

Ilikuwa hivi. Njia ya Machame, siku saba, wageni wanne. Getini mizigo ilipimwa, kila mgumu hazidi kilo 20 kama hifadhi inavyotaka. Tulipotembea nusu saa msituni, kiongozi akawarudisha vijana wawili nyumbani na mizigo yao ikagawiwa waliobaki. Wazoefu mnaujua mchezo huu. Kijana mmoja wa Kibosho, safari yake ya pili tu, alikuwa tayari na hema la kulia chakula. Akaongezewa mtungi wa gesi.

Siku ya tatu wageni hupandishwa Lava Tower, mita 4,600 na ushee, kisha hushuka kulala kambi ya Barranco ili mwili uzoee. Wagumu huwa tunakata njia ya chini. Safari hii kiongozi akataka wageni wale chakula cha moto kulekule juu, kwa hiyo mwenye hema na gesi akapanda nao. Mvua ya mawe ikatukuta. Yule kijana alifika anatapika, anayumba kama mlevi, viatu vyake vimepasuka kisigino na soksi zinachuruzika maji. Nikamwambia kiongozi. Akajibu, "Mpe chai ya tangawizi, avumilie. Mgumu hadekezwi."

Kuna kile kifaa cha kubana kidoleni kupima oksijeni. Kila jioni wageni wanapimwa na namba zinaandikwa kwenye daftari. Nilikiomba kwa ajili ya kijana tulipofika Barranco, nikaambiwa betri ni ya wageni.

Saa nane usiku mpishi akaniamsha. Kifua cha kijana kilikuwa kinakoroma kama uji unaochemka, na midomo imebadilika rangi. Nikaenda kukichukua kile kifaa kwenye begi la kiongozi bila ruhusa. Kikasoma asilimia 58, hatari tupu. Nikamwamsha kiongozi, akasema tusubiri kuche. Mapafu yakijaa maji mlimani hakuna kusubiri, dawa ya kwanza ni kushuka, na hata msaidizi wa mwaka wa kwanza analijua hilo. Tukavaa taa za kichwani, mimi na wagumu watatu, tukamshusha kwa njia ya Umbwe tukimbeba mgongoni kwa zamu. Ile njia ni mizizi mitupu, mahali pengine unashuka kinyumenyume umeshika mti. Tulifika chini asubuhi, akapelekwa hospitali.

Na wale waliobaki kambini? Mizigo ya watu watano iliachwa pale. Walipanda nayo Ukuta wa Barranco, wakashuka, wakapanda tena, mpaka ikaisha. Hakuna aliyewaamuru. Majina yao hayakutajwa Arusha hata moja. Kiongozi alichofanya ni kupiga simu ofisini saa mbili asubuhi. Mpishi ndiye aliyekuwa anammiminia chai.

Mzee aliyenifundisha kazi hii alikuwa kila jioni anaingia hema la wagumu na kushika soksi zetu kwa mkono wake, kama zimelowa anauliza nani ana za ziada. Alikuwa anakula wa mwisho. Sikumbuki kumsikia akihutubia kuhusu uongozi.

Sasa malipo. Tulikubaliana elfu ishirini kwa siku. Kijana kapewa elfu sitini, siku tatu, eti hakumaliza safari. Tipu hakupata hata shilingi, na wageni walitoa tipu ya watu wote, naye akiwemo, niliwauliza mwenyewe. Huyu kaambiwa avumilie akavumilia mpaka mapafu yakajaa maji, halafu uvumilivu wake ukakatwa kwenye mshahara! Bado yuko kwa mama yake Kibosho anakohoa, hawezi hata kupalilia migomba.

Jina la kampuni silitaji. Wakubwa wake wanapita humu na wanajijua. Mlipeni elfu themanini yake na fungu lake la tipu.

Wanasheria wa jamvini, nisaidieni. Najua madai kama haya yanatakiwa kufika CMA, ile tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, ndani ya siku 60. Yeye hana mkataba wa maandishi, ila jina lake liko kwenye orodha ya getini, na mimi na mpishi tuko tayari kutoa ushahidi hata tukikosa safari msimu mzima. Je, inatosha? Leo ni siku ya 26.