Naombeni maneno ya wanawake wasiomung'unya, nina hotuba Ijumaa

Kidawa_K (mleta mada)
Habari zenu wakuu. Ijumaa tunamuaga mama mmoja kazini, anastaafu, na hotuba ya idara nimepewa mimi. Ndiye aliyenishika mkono nilipoanza kazi, kwa hiyo sitaki zile hotuba za "tutakukumbuka daima". Nataka maneno ya wanawake waliosema bila kumung'unya. Yachekeshe, yawape nguvu mabinti watakaokuwa ukumbini, na moja liwe la kuchoma kidogo. Usingizi sina. Nisaidieni.

NimekaaPale
Ngoja waje wajuzi.

Msomaji Mkongwe
Dada, anza na Shirley Chisholm. Mwaka 1968 alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kuchaguliwa kuingia Bunge la Marekani, na 1972 akaomba chama cha Democratic kimteue kugombea urais. Alijinadi kwamba hajanunuliwa na hana bosi.

Kwa kuchekesha, mchukue Wangari Maathai. Mwaka 1989 alipinga jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, Nairobi. Wakubwa wakaiacha hoja, wakaanza kuusema uanamke wake. Akawajibu kwamba suala lile linahitaji kiungo kilicho juu ya shingo. Jengo halikujengwa. Angalia ufundi wake: hakutukana mtu, aliwarudisha kwenye hoja na wasikilizaji wakacheka wakiwa upande wake.

MamaWawili
Mimi sina nukuu, nina langu. Kila kikao kazini kwetu, wanaume wanakaa, halafu macho yote yananigeukia mimi niandike muhtasari. Siku moja nikasema, "Leo mwandiko wangu uko likizo." Kimya. Mmoja akacheka, akachukua kalamu, na tangu siku hiyo tunapokezana. Shida ni kwamba mume wangu naye kazi za nyumbani anasema mikono yake iko likizo, lakini hiyo nitaifungulia uzi wake.

Mwadilifu
Siku hizi mdomo umegeuzwa mtaji. Mwanamke mwenye busara hujenga kwa upole. Hotuba fupi, shukrani, dua, mnakula, mnaondoka.

MamaWawili
Mwadilifu, mada ni hotuba, hakuna aliyeomba kufundwa.

SwaliMoja
Kidawa, umesema moja liwe la kuchoma. Limchome nani?

Kidawa_K
Ni namna ya kusema tu.

SwaliMoja
Sindano haidungwi hewani. Nani?

Kidawa_K
Haya. Mkuu wa idara atakuwa meza ya mbele. Cheo kile kilistahili kuwa cha mama. Kazi alifanya yeye, ripoti zikasomwa kwa jina la yule bwana. Nimeandika kipande kinachomgusa bila kumtaja. Hotuba nimeshamtumia mshereheshaji, na zawadi ni kibao kilichokwisha kuchongwa: "Wanawake wenye adabu ni nadra kuandikwa kwenye historia", na chini yake jina la Marilyn Monroe, yule mwigizaji wa Marekani. Kwa hiyo msiniambie nibadilishe, niambieni cha kuongezea.

Msomaji Mkongwe
Pole, lakini lazima niliseme. Maneno hayo si ya Monroe. Ni ya mwanahistoria Laurel Thatcher Ulrich, aliyaandika kwenye makala ya 1976 kuhusu wanawake wacha Mungu wa New England, kaskazini mashariki mwa Marekani, wale waliosifiwa na wachungaji kwenye mahubiri ya mazishi. Hakuwa anawachochea mabinti wakose adabu. Alikuwa anasema kwamba waliotulia na kufanya kazi, historia imewapita. Baadaye akaifanyia kazi shajara ya Martha Ballard, mkunga wa Maine aliyeandika kuanzia 1785 hadi 1812 na kuzalisha mara 816. Kabla yake shajara ile ilionekana imejaa mambo madogo madogo. Kwa hiyo maneno hayo yanamfaa mama yako kuliko ulivyokusudia. Jina la chini ndilo la kubadilisha.

Na kama umepanga kumtaja Sojourner Truth, yule mwanamke mweusi wa Marekani aliyezaliwa utumwani akaja kupigania haki, hotuba yake ya Akron, Ohio, mwaka 1851, uwe mwangalifu. Lile swali linalorudiwarudiwa, "Je, mimi si mwanamke?", halimo kwenye gazeti lililoichapisha mwaka ule. Limo kwenye toleo la Frances Gage, mama aliyeuongoza mkutano ule, alilolichapisha miaka 12 baadaye. Watu huwawekea wanawake maneno mdomoni hata pale wanapowasifu, na hilo linaniuma.

SwaliMoja
Na mama mwenyewe anakijua hicho kipande cha mkuu wa idara?

Kidawa_K
Anajua kidogo.

SwaliMoja
Kidogo kiasi gani?

Kidawa_K
Alisikia fununu, akaniambia yule bwana nisimguse, anataka siku yake iwe ya furaha. Lakini amenyamaza miaka yote! Akinyamaza na siku ya mwisho, mabinti watajifunza nini? Mimi namsemea.

MamaWawili
Mwenye shughuli kakukataza, halafu unaita kumsemea?

Mwadilifu
Leo nakubaliana na MamaWawili. Andikeni tarehe.

Mnusa Chai
Wakuu, hii ni chai. Mama mpole, bosi mwizi wa kazi za watu, kibao cha Monroe, na Ijumaa isiyofika. Huyu anakusanya misemo akaichape kwenye fulana. Ni mama gani huyo asiye na hata neno moja lake kwenye uzi mzima?

NimekaaPale
Fulana zikitoka niwekewe saizi kubwa.

Kidawa_K
Sijaja kuuza fulana. Unataka neno lake? Kuna kikao alitoa wazo, likapita kimya. Baadaye kidogo mkuu wa idara akalisema lile lile, watu makofi. Mama akanyoosha mkono: "Nakushukuru bosi kwa kunitunzia wazo langu, nilishaanza kuwa na wasiwasi nalo." Chumba kizima kilivunjika mbavu, bosi mwenyewe akacheka, na kwenye muhtasari likaandikwa jina la mama.

SwaliMoja
Huyo ndiye aliyenyamaza miaka yote?

MamaWawili
Hilo nalichukua, Jumatatu nina kikao.

Msomaji Mkongwe
Mimi na akina Chisholm wangu tunakaa pembeni. Fungua hotuba na hilo, utaje ni la nani na lilisemwa wapi.

Kidawa_K
Nimempigia. Hilo la kikao amesema niliseme, ila nisiongeze chumvi. Nilipomsomea kibao akaniuliza huyo Marilyn alikuwa idara gani. Fundi anasema ile sehemu ya jina inaweza kuchongwa upya. Kipande cha bosi bado kimo, sijaamua.

Mnusa Chai
Sasa naanza kuamini. Mpeni mama kipaza sauti kabla yako. Akitaka kumgusa bosi atamgusa mwenyewe, na akitaka kumwacha atamwacha.

Kidawa_K
Ratiba imeshapangwa.

SwaliMoja
Namba ya mshereheshaji si unayo? Mpigie.