Mada: Mimi rubani, viza imeandikwa dereva

Mwana wa Mvita, Dubai:
Assalamu alaikum ndugu zangu. Narusha ndege ya Challenger 604 ya tajiri mmoja, mwezi wa nne sasa. PRO wake, yule afisa wa kushughulikia viza na karatasi za serikali, aliniingiza kwenye faili ya nyumba pamoja na mpishi na mtunza bustani, na kwenye viza kazi yangu ni "dereva binafsi". Leo nimepeleka kwa mamlaka ya anga ya hapa karatasi za kuidhinishiwa leseni yangu ya KCAA, mamlaka ya anga ya Kenya. Karani akatazama barua ya tajiri, akatazama viza, akanirudishia faili yote. Cheti changu cha daktari cha daraja la 1 kinaisha baada ya wiki 5. Nikitaka kubadilisha kazi kwenye viza, lazima ifutwe nitoke nchini, au inabadilishwa nikiwa humu humu? Aliyepitia hili anijibu tafadhali.

Baba Salma, Sharjah:
Wa alaikum salaam. Pole mwanangu. Mimi niliandikwa kwenye kampuni ya tajiri, kwa hiyo hilo halikunikuta. Kilichonitesa ni simu. Begi liko mlangoni, saa nane za usiku unaambiwa London, ukifika uwanjani safari hakuna. Harusi ya binti yangu ilinipita nikiwa Farnborough, Uingereza, siku 11 namsubiri tajiri. Siku za mapumziko ziandikwe kwenye mkataba, hilo kwanza.

Bi Zuhura, Abu Dhabi:
Baba Salma, kijana hakuuliza mapumziko. Na wewe Mwana wa Mvita hukusema la msingi: ndege imesajiliwa wapi? Namba yake inaanza na A6 ya hapa Emirati, M au T7? Leseni hutolewa au kuidhinishwa na nchi ya usajili, ndivyo isemavyo ibara ya 32 ya Mkataba wa Chicago wa 1944. Kama ni T7, karatasi ziende San Marino.

Mwana wa Mvita:
Ni M, Bi Zuhura, ya Isle of Man, na huko nimeshaidhinishwa. Ila tajiri anaihamishia A6, ndiyo maana nikatumwa pale. Swali langu ni viza.

Mkaazi wa Deira:
Wafanyakazi wa nyumbani wana sheria yao, namba 9 ya 2022, na kazi zao zimeorodheshwa. Yumo mchunga mifugo, yumo baharia, yumo hata mtunza vipanga. Rubani hamna. PRO alikosa pa kukuweka.

Bi Zuhura:
Pa kumweka palikuwepo, kwenye kampuni! Msimtetee. Siku kijana akidai mshahara wake, atadai wa rubani au wa dereva? Akiumia angani, bima itamtambua kama nani?

Baba Salma:
Bi Zuhura kasema kweli, nami moyo unaniuma. Pale uwanja wa Wilson, Nairobi, nilirusha ndege ndogo za Caravan za kwenda Maasai Mara. Unapita chini mara moja pundamilia watoke uwanjani, unazunguka, unatua, na vumbi lile mpaka leo nalisikia puani. Mshahara haukutosha ada ya shule, la sivyo ningekuwa huko bado. Vijana wetu wazazi wanauza shamba walipe CPL, leseni ya urubani wa biashara, kisha wanakaa miaka bila saa za kuruka. Serikali zetu lini zitaliona hili?

Mkaazi wa Deira:
Kwetu Tanzania ni hivyo hivyo, mzee wangu. Mpwa wangu ana CPL, anauza vipuri vya pikipiki.

Mwana wa Mvita:
Ahsanteni wote. Kesho saa mbili asubuhi nakwenda kwa PRO kuomba nihamishiwe kwenye kampuni. Je, la kutoka nchini?